Kambi Nane Ilipouzwa kwa Fundi Baiskeli wa Sindeni

Jogoo wa kwa Ikram hajamaliza kuwika mara ya pili, na Bernardo Kasmiri tayari ameshika nyundo. Anasimama mbele ya kipande cha reli kinachoning'inia katikati ya nguzo mbili. Anakohoa. Anatazama upande wa mashariki kama mtu anayesubiri ruhusa, kisha anagonga. Mara kumi na moja, bila haraka, kwa sababu ni saa kumi na moja alfajiri.

Taa zinaanza kuwaka nyumba moja moja. Mlango unalia. Mtoto anafokewa aamke. Kutoka uani Ikram, jirani yake muuza mihogo, anaitikia kama anavyoitikia kila siku: "Tumesikia, mzee! Usitupasue masikio."

Hapa ni Kambi Nane, kata ya Kerenge, wilaya ya Korogwe. Kuna kaya thelathini na moja, kisima kimoja, na nyumba za matofali zilizojengwa na kampuni ya mkonge enzi hizo, bati limepigiliwa juu ya bati. Hakuna shule, hakuna zahanati. Saa ya watu wote ni reli hiyo, na mwenye saa ni Bernardo, mjane wa miaka sitini na saba, ambaye kwa kazi hiyo hajawahi kulipwa hata chumvi.

"Kampuni ilipoondoka iliondoka na matrekta, na mashine, na milango ya ofisi," anasema. "Reli waliiacha kwa sababu ni nzito. Nikasema nitaendelea kugonga mpaka mtu aje aniambie niache. Miaka ishirini na ushee sasa. Hajaja mtu."

Akishagonga, anaanza kazi inayomlisha. Anaingia kwenye mkonge wa zamani uliogeuka msitu, anakata majani, anayabeba begani mpaka nyumbani. Hapo analilaza jani juu ya ubao na kulikwangua kwa kipande cha bati butu mpaka nyama ya kijani itoke, zibaki singa, zile nyuzi nyeupe. Maji ya mkonge yanawasha. Mikono yake kuanzia kwenye viwiko kwenda chini ina rangi ya gome la mti.

Singa anazianika kwenye waya, zikikauka anazisokota kamba. Roli moja ya kamba ya kufungia mbuzi inamchukua siku mbili, na sokoni inampa shilingi elfu nne. Mwezi mzuri anauza roli kumi. Mwezi wa mvua, singa zinaoza kwenye waya na yeye anakula mihogo ya Ikram kwa mkopo.

Lakini siku hizi si kamba inayomnyima usingizi. Ni orodha.

Mwanzoni mwa mwaka huu lilibandikwa tangazo kwamba ardhi ya lililokuwa shamba la mkonge itapimwa. Watu wa kambi zilizotajwa kwenye orodha watapewa karatasi za kukaa. Wasiotajwa watahesabiwa wavamizi, na watapisha. Mwenyekiti wa kitongoji, Mdoe, aliisoma orodha hiyo kwa sauti mbele ya watu wote, akiwa amesimama pale pale kwenye reli.

Kambi Moja ipo. Kambi Mbili ipo. Akashuka hivyo hivyo mpaka Kambi Saba. Ipo. Kisha akasoma Kambi Tisa.

"Tukamwambia, Mwenyekiti, umeruka mstari," anakumbuka Bernardo. "Akasema sijaruka. Akasoma tena. Saba, tisa. Tukampa mtu mwingine asome, labda macho ya Mdoe. Saba, tisa."

Alipoulizwa ilikuwaje nane ikapotea, mmoja wa wahusika alijibu kwa simu kwamba orodha ilitoka juu. Alipoulizwa juu ni wapi, alisema yuko kwenye kikao. Ndivyo walivyo. Wanajua kuhesabu vizuri sana wakati wa kura, hata vipofu na wagonjwa wanafuatwa vitandani. Ikifika zamu ya kumpa mtu karatasi, hesabu inawashinda kwenye nane.

Chini ya tangazo kulikuwa na mstari mdogo: kambi isiyotajwa inaweza kuleta, kabla ya tarehe thelathini, andiko lolote lililochapishwa lenye jina la eneo hilo.

Kambi nzima ikapekua masanduku. Bernardo akatoa kipande cha marehemu baba yake, kile kikadi cha kazi walichopewa manamba walioletwa kukata mkonge. Mzee Kasmiri aliletwa kutoka Tabora akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Kipande kina namba yake, elfu nne mia nne kumi na saba, kina jina la kampuni, kina visanduku thelathini vya kupigia alama siku alizokata. Jina la kambi hakina. Kadi za kliniki zimeandikwa Kerenge. Vyeti vya ubatizo vimeandikwa parokia. Vitambulisho vimeandikwa wilaya.

"Nilizaliwa hapa, nikaoa hapa, nikazika hapa," anasema. "Halafu nakuja kuambiwa nilete karatasi inayosema hapa ni hapa."

Aliyezikwa ni mkewe, Grasiana, miaka mitatu iliyopita. Alishikwa na tumbo mwezi wa nne, pikipiki iliyombeba ikanasa kwenye tope la barabara ambayo kila baada ya miaka mitano mtu anakuja na kofia na fulana kuahidi kuichonga. Grasiana hakufika hospitali. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, mwisho wa waya wa kuanikia singa, kwa sababu alisema mwenyewe akiwa hai kwamba asipelekwe mbali na kazi yake. Kambi Nane ikihesabiwa ya wavamizi, kaburi hilo nalo ni la mvamizi.

Mambo yalikuwa yamefika hapo, Jumatano moja, Zaidi alipotokea.

Zaidi ni mchuuzi wa mbuzi wa Sindeni, wilaya ya Handeni, na ndiye mteja mkubwa wa kamba za Bernardo. Ni Mzigua. Bernardo ni Mnyamwezi. Hao ni watani tangu zama za misafara ya kwenda pwani, na hapa utani haujafa. Siku ya maziko ya Grasiana, Zaidi alijilaza chali pembeni ya kaburi akazuia jeneza lisishuke mpaka apewe roli moja ya kamba. Alipewa. Bernardo anasema ndiyo mara pekee aliyocheka wiki ile.

Jumatano hiyo Zaidi hakushuka hata kwenye baiskeli.

"Mnyamwezi, bado mpo hapa?"

"Twende wapi?"

"Nilidhani mmeshahama. Kwenu si pameuzwa?"

"Pameuzwa na babu yako."

"Babu yangu aliwauzia maji tu, mlipopita na mapembe yenu ya ndovu kichwani. Hapa kanunua Hussein, fundi baiskeli wa Sindeni. Ijumaa iliyopita. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu."

"Kwa shilingi ngapi?"

"Elfu sitini."

Bernardo akacheka. Elfu sitini, kaya thelathini na moja na kisima! Zaidi hakucheka. Alisema hati ameiona, imeandikwa Kambi Nane kwa herufi kubwa, na juu yake pana picha ya reli hiyo hiyo inayoning'inia pale. Akachukua kamba zake, akalipa, akaondoka akipiga mluzi.

Ile picha ya reli ndiyo iliyokausha kicheko. Maneno mtani anaweza kuyatunga. Picha ya reli ataitoa wapi?

Mtu wa mahali pengine angemkimbilia Zaidi amuulize, je, unasema kweli au unatania? Kwa watani haiendi hivyo. Ukimuuliza mtani kama anasema kweli, umeshashindwa, na mwaka mzima utatajwa sokoni. Bernardo akanyamaza. Siku mbili hizo akagonga saa vibaya. Alhamisi aligonga mara kumi na mbili badala ya kumi na moja, na watoto wa Kambi Nane wakafika shuleni wakihema, wakakuta geti limefungwa bado.

Aliyemwambia ni Mdoe peke yake. Naye Mdoe, mwenyekiti mzima, hakusema huo ni upuuzi. Aliuliza, "Elfu sitini? Sasa kwa nini sisi hatukuambiwa? Si tungechanga?"

Msomaji wa mjini asiwacheke. Shamba hili limebadilisha wenyewe mara mbili tangu kampuni iondoke, na mara zote mbili watu wa hapa hawakuambiwa na mtu. Mara ya kwanza walijua walipoona mzungu anapima kisima kwa hatua. Mara ya pili walijua walipoona mtu anahesabu nyumba zao akiwa ndani ya gari, kioo kimefungwa. Mahali ambapo hayo yametokea, kwa nini fundi baiskeli asinunue?

Ijumaa Bernardo akavaa shati la kanisani, akabeba roli mbili za kamba ili asionekane amekwenda bure, akapanda gari mpaka Korogwe mjini, kisha jingine la barabara ya Handeni, akashuka Sindeni baada ya swala.

Kibanda cha Hussein kiko mkabala na mama muuza chai anayeitwa Kudra. Bernardo aliwakuta watu wanne wamezunguka tairi la trekta lililolazwa chini, juu yake wameweka ubao. Zaidi alikuwa mmoja wao. Alipomwona mtani wake amekuja na shati la kanisani, akainamisha uso akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Shikamoo mzee," akasema mwenye kibanda, mikono yake myeusi kwa grisi.

"Marahaba. Wewe ndiye Hussein?"

"Ndiye mimi. Una baiskeli?"

"Sina. Nimeambiwa umenunua Kambi Nane."

"Ah!" Hussein akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Nilinunua, mzee. Ila sasa hivi nimeiweka rehani."

Bernardo akatafuta pa kukaa. Akakalia rimu.

"Umeiweka rehani kwa nani?"

"Benki."

"Benki ipi?"

"Kudra."

Mama wa chai akainua birika. "Benki ni mimi, mzee wangu. Karibu chai, utakunywa na tangawizi?"

"Kwa nini uiweke rehani?"

"Nilikwama jela."

"Ulifungwa?"

"Zamu tatu."

"Kosa gani?"

"Sina kosa, nilirusha dadu tu."

Hapo Zaidi akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akaenda kuegemea nguzo, machozi yakamtoka. Na wengine wakaanza, mmoja baada ya mwingine, hata Kudra. Bernardo peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa bado hajajua kinachochekwa ni nini.

Wakamweleza. Ni mchezo. Ule mchezo wa ubao unaochezwa dunia nzima, wa kurusha dadu, kununua viwanja na kutoza wageni kodi kwa noti za karatasi. Kila nchi inatengenezewa wa kwake wenye majina ya miji yake, na sasa kuna watu wametengeneza wa mkoa wa Tanga. Binti yake Kudra, anayefanya kazi kwenye duka la vitabu jijini, ndiye aliyemletea mama yake. Tangu hapo Ijumaa baada ya swala bao limesahaulika.

Bernardo akauinamia ubao. Mapango ya Amboni yapo. Stesheni ya Korogwe ipo, kwa laki mbili. Soko la Sindeni lipo, na wenyewe wa Sindeni wanalinunua kila wiki kwa ugomvi. Na kwenye kona, kiwanja cha kwanza kabisa, cha rangi ya udongo, cha bei ya chini kuliko vyote: Kambi Nane, Kerenge.

"Nani aliwaambia hawa?" akauliza.

Hakuna aliyejua.

"Na mgeni akifika hapo kwetu analipa?"

"Analipa," akasema Hussein. "Elfu nne. Ukijenga nyumba inapanda."

"Nyumba zipo thelathini na moja."

"Kwenye mchezo mwisho nne, mzee, na hoteli."

"Na anayelipwa ni wewe."

"Ni mimi. Ila sasa ipo rehani, hakuna anayelipwa."

Bernardo akafikiri kidogo. "Mimi nimekaa pale miaka sitini na saba. Sijawahi kulipwa na mgeni hata mmoja. Niliwahi kupewa sigara."

Na aliposema sigara ndipo akakumbuka. Miaka mitano nyuma alikuja bwana mmoja na kamera, amevaa kofia ya majani. Aliuliza hapa panaitwaje, akaandika kwenye daftari. Akamwomba Bernardo asogee pembeni, piga picha, piga picha, akampa sigara mbili, akaondoka. Bernardo havuti. Sigara alizichukua Mdoe.

Akaomba aione hati yenyewe. Hussein akafuta mkono kwanza, akampa kikadi kigumu cha ukubwa wa kiganja. Juu kimeandikwa HATI. Chini yake KAMBI NANE, KERENGE. Katikati kuna picha.

Reli ipo, na nguzo mbili zipo. Nyuma ya reli kuna waya, na juu ya waya singa nyeupe zimeshuka kama pazia. Mtu wa nyuma ya singa haonekani. Inaonekana miguu yake tu, chini ya pazia hilo. Mguu mmoja umevaa ndala ya kijani, mwingine ya bluu.

"Grasiana hakuwahi kutupa ndala kwa sababu mwenzake imekatika," anasema Bernardo. "Aliunganisha ya huku na ya huku. Nilimwambia mara ngapi, mke wangu, watu watasema nakutesa. Akasema miguu yangu haijui rangi."

Pale kwenye kibanda hakusema hayo. Alikishika kile kikadi muda mrefu, mpaka kicheko cha Zaidi kikaisha chenyewe.

"Kuna nini, Mnyamwezi?"

"Mtani, huyu ni shemeji yako."

Zaidi akaja akatazama. Akavua kofia yake. Safari hii hakudai kamba.

Bernardo akasema anataka kuinunua Kambi Nane. Hussein akasita, akisema bila kadi hiyo mchezo una pengo. Kudra akamaliza kesi. Alichana kipande cha boksi la biskuti, akaandika kwa kalamu Kambi Nane elfu sitini, akakipiga juu ya ubao. "Pengo limezibwa. Na rehani benki imesamehe. Mpe mzee hati yake."

Hussein akapewa roli mbili za kamba, akakataa, Zaidi akamwambia usipochukua huyu atasema Wazigua wamempa sadaka. Akachukua.

Njiani kurudi, Bernardo alikuwa na furaha na uchungu pamoja, na hakujua aanze na lipi. Aliifikia Korogwe kabla jambo jingine halijamwingia akilini. Akaitoa ile kadi mfukoni, akaisoma tena, herufi moja moja, maana shule yake iliishia darasa la nne. Kambi Nane. Kerenge. Imechapishwa.

Akalala kwa binti yake Elina, Kilole, hapo hapo mjini. Jumamosi na Jumapili ofisi hazifunguliwi. Hakurudi nyumbani, na kwa siku hizo Kambi Nane hapakuwa na saa. Jumatatu, tarehe ishirini na saba, alikuwa mlangoni pa ofisi moja inayoshughulika na ardhi kabla mfagiaji hajafika.

Aliyempokea ni karani kijana aitwaye Yusra. Aliitazama kadi mbele, akaigeuza nyuma.

"Babu, hii ni ya mchezo."

"Najua."

"Ya watoto."

"Niliowakuta wanaicheza wana ndevu. Mwanangu, imeandikwa Kambi Nane au haikuandikwa?"

"Imeandikwa."

"Imechapishwa au nimeandika mimi?"

"Imechapishwa."

"Basi lisome tangazo lenu."

Yusra akalisoma. Akalisoma tena kimya, midomo ikicheza. Andiko lolote lililochapishwa lenye jina la eneo. Akainuka akaingia kwa mkubwa wake, na Bernardo akasikia kicheko kutoka ndani, kirefu, cha mtu aliyeshiba.

Mkubwa akatoka mwenyewe na kadi mkononi. "Mzee, unajua nikikupokelea hii watu watasema nini?"

"Na usipoipokea nitasema mimi nini kule?"

"Serikali haifanyi kazi kwa kadi za dadu."

"Bwana mkubwa," Bernardo anasema alimjibu hivyo, na Yusra amethibitisha, "kampuni ilitusahau, orodha yenu imetusahau, barabara imetusahau. Wacheza dadu peke yao ndio wametukumbuka. Sasa mimi ndio nichanganyikiwe peke yangu? Na wewe changanyikiwa kidogo."

Kisha Yusra, bila kuangalia upande wa mkubwa wake, akasema kwa sauti ndogo kwamba tangazo halikusema andiko la nani. Mkubwa akamtazama, akatazama saa yake, akairusha kadi mezani. "Pokea. Tusipoteze asubuhi."

Karani akaitoa nakala, akabaki nayo. Kadi yenyewe akaigonga muhuri upande wa nyuma, pale palipoandikwa masharti ya rehani: IMEPOKELEWA, na tarehe. Akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

Mkubwa alikuwa ameshafika mlangoni kwake. Akageuka. "Lakini usije ukafurahi. Wapimaji wanakwenda na ramani, na kwenye ramani hapo kwenu ni pori. Watapima Kambi Saba, watapita kwenda Tisa. Wakipaona, wamepaona. Wasipopaona, muda wao umekwisha."

"Wanakuja lini?"

"Jumanne ya pili ya mwezi ujao."

Hivyo ndivyo lilivyo jambo hili mpaka leo. Kambi Nane ipo kwenye mchezo, haipo kwenye ramani. Ina hati yenye muhuri wa kweli juu ya karatasi ya kuchezea. Mdoe ameiomba aisome mara nne na kila mara anairudisha akisema hajaelewa kama wameshinda au wameshindwa. Bernardo naye hajui. Ameiweka ndani ya kipande cha marehemu baba yake, vyote viwili kwenye mfuko wa nailoni, chini ya godoro. Kila jioni anaitoa anaangalia ndala.

"Kitu kimoja kinanisumbua," anasema huku akisokota. "Wale wa mchezo hawakutuomba chochote, wakatuandika. Hawa tunawaomba mwaka mzima. Sasa nani anacheza hapo?"

Kamba anayoisokota wiki hii si ya mbuzi. Ni nene kama mkono wa mtoto, kamba nane zimesokotwa kuwa moja, na haiuzwi. Ni ya kuning'inizia reli. Kamba ya sasa imechakaa, na hesabu aliyopiga ni kwamba haitahimili kazi ya Jumanne hiyo.

Kutoka Kambi Saba mpaka hapa ni mwendo wa nusu saa kwenye mkonge uliofunga njia, mtu hamwoni mwenzake hatua tano mbele. Lakini sauti ya reli inafika. Wazee wa Kambi Saba wanaamkia reli hiyo hiyo. Mpango wake ni kuanza kugonga jua likichomoza na asiache, mpaka mtu mwenye fulana ya kung'aa na kifaa cha miguu mitatu atokeze kwenye majani. Mdoe atampokea akichoka. Zaidi ametuma salamu kwamba naye atakuja na nyundo yake, na kwamba wapimaji wakiuliza mwenye eneo ni nani, yeye atawaambia ni Hussein.

Ikram, aliyekuwa anamenya mihogo pembeni muda wote huo, ana lake.

"Sasa mzee, ukigonga mfululizo hivyo, siku hiyo tutajuaje ni saa ngapi?"

Bernardo anaivuta kamba kwa mikono yote miwili, anaikagua kama imekaza.

"Siku moja tu, Ikram," anasema. "Saa ipotee. Mahali pasipotee."